Mwamuzi wa Besiboli na Sheria Zenye Utata

Usiku wa tarehe 12 Oktoba, 2005, katika mji wa Chicago huko Marekani, mchezaji mmoja aitwaye A.J. Pierzynski wa timu ya White Sox alizungusha rungu lake kwa nguvu, akaukosa mpira. Hilo lilikuwa kosa lake la tatu, na kwa desturi ya mchezo wa besiboli mtu aliyekosa mara tatu hana chake tena. Mdakaji wa timu pinzani ya Angels aliuviringisha mpira kuelekea katikati ya uwanja, akaanza kurudi bandani kwao. Pierzynski naye alipiga hatua moja mbili kama mtu aendaye zake. Mara akageuka, akatimua mbio kwenda besi ya kwanza. Hakuna aliyemzuia. Dakika chache baadaye timu yake ilikuwa imeshinda, na wapenzi wa mchezo huo wakawa wanaulizana: je, yule mtu alikuwa ametolewa, au alikuwa bado mchezoni?

Jibu la swali hilo lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu, naye ni Doug Eddings, mwamuzi aliyechutama nyuma ya mdakaji. Yeye ndiye aliyepaswa kuamua, katika muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kama mpira uliingia katika glavu ukiwa safi au uligusa vumbi kwanza. Kutokana na jambo hilo dogo, ambalo unene wake haukuzidi unene wa kidole, mchezo mzima uligeuka.

Wengi wanaotazama michezo hudhani kwamba kazi ya mwamuzi ni kupuliza filimbi na kunyosha mkono. La hasha. Kazi yake ni kuichukua sheria iliyoandikwa kitabuni na kuiweka juu ya tukio ambalo mwandishi wa sheria hakuliona kamwe. Askari wa zamu barabarani huijua kazi ya namna hiyo, na mzazi aamuaye ugomvi wa watoto sebuleni huijua pia. Besiboli ni mchezo wenye kitabu kinene cha sheria, na kwa sababu hiyo huonyesha vizuri sana ugumu wa kazi hiyo.

MCHEZO WENYEWE

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo huu, yafaa kueleza kwa ufupi. Timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja hupokezana kupiga na kulinda kwa vipindi tisa. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, umbali wa futi 60 na inchi 6, yaani mita 18 na nusu hivi, kutoka kwenye kibao cheupe chenye pembe tano kinachoitwa kibao cha nyumbani. Mpigaji husimama kando ya kibao hicho akiwa na rungu la mti. Akiupiga mpira vyema hukimbia kuzunguka besi tatu na kurudi nyumbani, na hapo timu yake hupata pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hizo hubadilishana zamu.

Mpigaji akiacha mpira mzuri upite, au akizungusha rungu na kuukosa, huhesabiwa straiki. Straiki tatu humtoa. Mrushaji naye akirusha mipira minne iliyo nje ya eneo la halali bila mpigaji kuizungushia rungu, mpigaji hupewa besi ya kwanza bure. Hapo ndipo utata wa kwanza unapoanzia: eneo hilo la halali ni lipi?

SANDUKU LISILOONEKANA

Kitabu cha sheria chasema kwamba upana wa eneo la straiki ni upana wa kibao cha nyumbani, nao ni inchi 17. Kwa kimo, huanzia chini kidogo ya kifuniko cha goti la mpigaji na kupanda hadi katikati ya mabega na kiuno cha suruali yake. Lakini sanduku hilo halikuchorwa popote. Liko hewani, tena hubadilika kila mpigaji mpya ajapo. Mrefu ana lake na mfupi ana lake.

Fikiri basi hali ya mwamuzi. Mpira uliorushwa kwa mwendo wa kilometa 150 kwa saa hufika kwenye kibao kwa muda wa nusu sekunde au pungufu. Njiani hupinda, huzama, na pengine hugusa ukingo tu wa sanduku lile kabla ya kutumbukia katika glavu. Sheria inasema kwamba sehemu yoyote ya mpira ikipita katika sehemu yoyote ya eneo hilo, ni straiki. Wala si hoja mdakaji aliudakia wapi. Wadakaji hodari wamejifunza kuivuta glavu taratibu kuelekea katikati baada ya kudaka, ili mpira wa nje uonekane wa ndani. Mwamuzi aliyekomaa huamua kwa mahali mpira ulipopita, si kwa mahali glavu iliposimama.

Utata wa pili ni ule wa rungu lililozuiwa njiani. Mpigaji huanza kupiga, kisha hughairi na kulirudisha rungu. Je, alipiga au hakupiga? Watu wengi huamini kwamba sheria imetaja kifundo cha mkono kugeuka, au rungu kupita mbele ya kibao. Ukweli ni kwamba kitabu hakikuweka kipimo kama hicho. Kinasema tu kwamba ni straiki iwapo mpigaji aliupigia mpira, na kumwachia mwamuzi aamue kusudio la mtu kwa kutazama mikono yake. Mwamuzi wa nyuma ya kibao akisema hakupiga, timu inayolinda yaweza kuomba aulizwe mwenzake aliye kwenye besi ya kwanza au ya tatu, kwa kuwa huyo hutazama kutoka ubavuni.

Tarehe 14 Oktoba, 2021, swali hilo liliufunga msimu mzima wa timu ya San Francisco Giants, iliyokuwa imeshinda michezo 107 mwaka huo. Walikuwa nyuma kwa pointi 2 kwa 1 dhidi ya Dodgers wa Los Angeles, mpigaji wao wa mwisho Wilmer Flores akiwa na straiki mbili. Alianza kupiga, akajizuia. Mwamuzi wa besi ya kwanza, Gabe Morales, alipoulizwa alisema amepiga. Mchezo ukaisha hapo hapo. Picha zilizorudiwa ziliwafanya wengi waamini kwamba rungu lilikuwa limezuiwa kwa wakati, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

STRAIKI YA TATU ILIYOANGUKA

Sasa turudi Chicago. Sheria ya besiboli husema kwamba straiki ya tatu humtoa mpigaji iwapo mdakaji ameudaka mpira kabla haujagusa ardhi. Ukigusa ardhi, na ikiwa besi ya kwanza ni tupu au wachezaji wawili wamekwisha kutolewa, mpigaji ana haki ya kukimbia, nao wapinzani hawana budi kumgusa kwa mpira au kuupeleka besi ya kwanza kabla yake. Ni sheria ya zamani sana, na shabaha yake ni kumlazimisha mdakaji aikamilishe kazi yake.

Sheria hiyo iliwahi kuwaliza Dodgers walipokuwa wangali wa Brooklyn. Tarehe 5 Oktoba, 1941, katika fainali dhidi ya Yankees wa New York, walikuwa wakiongoza kwa pointi 4 kwa 3 na wamebakiza mtu mmoja tu. Tommy Henrich wa Yankees alikosa straiki ya tatu, lakini mpira ukamponyoka mdakaji Mickey Owen. Henrich alikimbia, akafika. Yankees walipata pointi nne na kushinda 7 kwa 4.

Lakini kisa cha Owen hakikuwa na ubishi, maana kila mtu aliuona mpira ukikimbia. Kisa cha mwaka 2005 kilikuwa kigumu zaidi. Matokeo yalikuwa 1 kwa 1, kipindi cha tisa, watu wawili wamekwisha kutolewa. Mdakaji Josh Paul aliamini ameudaka mpira safi. Eddings alinyosha mkono, kisha akakunja ngumi. Angels walidhani ngumi ile ina maana kwamba mtu ametolewa. Mwamuzi alieleza baadaye kwamba hiyo ilikuwa ishara yake ya straiki tu, na kwamba kwa macho yake mpira uligusa chini. Mchezaji aliyeingizwa kukimbia badala ya Pierzynski aliiba besi ya pili, Joe Crede akapiga pigo kali, na White Sox wakashinda 2 kwa 1. Timu hiyo iliendelea mpaka ikatwaa ubingwa, wa kwanza tangu mwaka 1917. Picha za televisheni hazikumaliza ubishi.

Funzo la usiku ule ni mawili. La kwanza ni la mwamuzi: haitoshi kuamua sawa, bali hapana budi uamuzi ueleweke na wote bila shaka. La pili ni la mchezaji: asiondoke mahali pake kwa kudhani tu. Laiti mdakaji yule angemgusa Pierzynski kwa mpira, jambo ambalo lingemchukua sekunde moja, kusingekuwa na kisa cha kusimulia.

MSTARI, NYASI NA PUMZI

Kutoka kwenye kibao cha nyumbani hutoka mistari miwili myeupe inayopita besi ya kwanza na ya tatu hadi ukutani. Mpira uliopigwa ukiangukia ndani ya mistari ni halali; ukiangukia nje ni faulo. Mstari wenyewe ni sehemu ya ndani, na besi ni sehemu ya ndani. Hata kibao cha nyumbani, ambacho wachezaji wengi hudhani kiko nje, kimo ndani. Mpira ukigonga kibao na kutulia mbele yake bila kutoka, ni halali.

Ugumu uko kwenye mpira unaobingirika polepole kando ya mstari. Kabla haujafika besi ya kwanza au ya tatu, mpira waweza kuwa ndani, ukatoka, ukarudi tena ndani, na bado hukumu haijapatikana mpaka utulie, au uguswe, au uipite besi. Aidha hukumu hutolewa kwa mahali ulipo mpira wenyewe, si kwa mahali ilipo miguu ya anayeugusa. Hivyo walinzi huonekana wamechutama juu ya mpira wakiutazama kama paka anayemvizia panya, wakiomba utoke nje.

Lenny Randle wa Seattle hakuridhika na kuomba. Tarehe 27 Mei, 1981, Amos Otis wa Kansas City alipiga mpira dhaifu uliobingirika kwenye mstari wa besi ya tatu. Randle alijitupa chini kwa mikono na magoti, akaupuliza kwa mdomo mpaka ukatoka nje. Mwamuzi Larry McCoy kwanza aliita faulo, lakini baada ya malalamiko ya Kansas City aliamua kwamba mchezaji hana ruhusa ya kuugeuza mwendo wa mpira kwa njia hiyo, na pigo likawa halali. Uwanja mzima ulicheka, lakini mwamuzi alikuwa katika mtihani, maana hakuna aliyekuwa ameandika sheria juu ya pumzi.

Faulo nayo huhesabiwa straiki kwa namna yake. Mpigaji asiye na straiki mbili akipiga faulo, huhesabiwa straiki. Akiwa nazo mbili, faulo haimtoi, hata akipiga kumi, isipokuwa kama aliugusa mpira kwa makusudi bila kuzungusha rungu. Na mpira ukikwaruza rungu kidogo tu, kisha ukaenda moja kwa moja ukadakwa na mdakaji, huo si faulo bali ni straiki kamili, na wakimbiaji wanaweza kuendelea na safari yao. Mwamuzi husikia mkwaruzo huo kwa masikio kuliko anavyouona kwa macho.

JUHUDI YA KAWAIDA

Huenda hakuna sheria ya besiboli inayowasumbua wageni kama ile ya mpira wa juu katika uwanja wa ndani. Ilitungwa katika miaka ya 1890 ili kuzuia ujanja. Wakimbiaji wawili wakiwa kwenye besi ya kwanza na ya pili, na mpigaji akiupaisha mpira juu, wakimbiaji hao husubiri pale pale wakijua utadakwa. Walinzi wajanja waliuacha mpira uanguke kwa makusudi, kisha wakauokota na kuwatoa watu wawili kwa mkupuo mmoja. Basi ikatungwa sheria kwamba ikiwa hali ni hiyo, na hawajatolewa watu wawili, na mpira waweza kudakwa na mlinzi wa ndani kwa juhudi ya kawaida, mwamuzi atamtangaza mpigaji ametolewa hata kabla mpira haujashuka.

Maneno mawili, juhudi ya kawaida, ndiyo yenye mzigo. Kawaida kwa nani? Umbali gani? Tarehe 5 Oktoba, 2012, huko Atlanta, timu ya Braves ilikuwa nyuma kwa pointi 6 kwa 3 dhidi ya St. Louis Cardinals, katika mchezo mmoja ambao aliyeshindwa angefunga virago. Wakimbiaji wawili walikuwa kwenye besi, mmoja ametolewa. Andrelton Simmons aliupaisha mpira mbali kidogo, katika nyasi za upande wa kushoto. Mlinzi Pete Kozma alirudi kinyumenyume, akanyosha mikono, kisha ghafla akajitoa akidhani mwenzake ataudaka. Mpira ukaanguka katikati yao. Umati ulilipuka kwa furaha, lakini mwamuzi Sam Holbrook alikuwa ameinua mkono: mpigaji ametolewa.

Furaha iligeuka ghadhabu. Chupa na takataka ziliruka uwanjani, na mchezo ukasimama dakika 19. Braves walikata rufani usiku ule ule, ikatupiliwa mbali, wakashindwa. Na mchezaji wao mpendwa Chipper Jones, aliyekuwa akistaafu mwaka huo, akaagwa kwa namna hiyo. Walioteta walisema mpira ulikuwa mbali mno na uwanja wa ndani. Lakini sheria haikutaja mstari wala umbali; ilitaja uwezo wa mlinzi, na Kozma alikuwa amefika chini ya mpira. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kama mpira ule ungeangushwa kwa hila na watu wawili wakatolewa, mashabiki wale wale wangeililia sheria ile ile.

MANENO YA SHERIA NA ROHO YAKE

Kuna wakati mwamuzi hufuata maandishi na bado uamuzi wake hutenguliwa. Tarehe 24 Julai, 1983, huko New York, George Brett wa Kansas City aliupiga mpira ukavuka ukuta, na timu yake ikapata kuongoza 5 kwa 4. Kiongozi wa Yankees alilalamika kwamba rungu la Brett lilikuwa limepakwa utomvu wa msonobari kupita inchi 18 zilizoruhusiwa. Wachezaji hupaka utomvu huo ili mikono isiteleze. Mwamuzi Tim McClelland hakuwa na rula. Alililaza rungu juu ya kibao cha nyumbani, akijua upana wake ni inchi 17, akaona utomvu umepita. Akamnyoshea Brett kidole: umetolewa. Brett alitoka bandani mbio akiwa amefura kama mbogo aliyejeruhiwa, ikabidi ashikwe.

Kansas City walikata rufani kwa rais wa ligi, Lee MacPhail, naye akawapa haki. Alisema kwamba utomvu haukuupa mpira nguvu yoyote, na kwamba shabaha ya sheria ilikuwa rungu kama hilo liondolewe mchezoni, si pointi zifutwe baada ya pigo. Mchezo ulimaliziwa tarehe 18 Agosti, 1983, Kansas City wakashinda 5 kwa 4. Waamuzi hawakulaumiwa kwa kusoma vibaya. Walisoma sawasawa kitu kilichoandikwa vibaya.

MASHINE NA BINADAMU

Siku hizi mashine zimeingia uwanjani. Tangu mwaka 2008 waamuzi wameruhusiwa kutazama picha ili kuhakikisha mapigo ya kuvuka ukuta, na mwaka 2014 ruhusa hiyo ilipanuliwa kwa mambo mengi mengine. Eneo la straiki ndilo lililobaki ngome ya mwisho ya jicho la mtu. Mwezi wa Septemba, 2025, ligi kuu ya Marekani iliidhinisha kwamba kuanzia msimu wa 2026 mpigaji, mrushaji au mdakaji aweza kuupinga uamuzi wa straiki kwa kugusa kofia yake. Kila timu ina nafasi mbili, na haipotezi nafasi pale inapokuwa na haki. Kamera hupima sanduku kwa kimo cha mpigaji: juu ni asilimia 53.5 ya kimo chake, na chini ni asilimia 27.

Hata hivyo mashine haikumwondoa mwamuzi. Bado yeye ndiye asemaye kwanza, na bado ndiye apimaye juhudi ya kawaida. Watu wapya pia wanaingia katika kazi hiyo. Tarehe 9 Agosti, 2025, Jen Pawol alikuwa mwanamke wa kwanza kuamua mchezo wa ligi kuu, huko huko Atlanta, baada ya miaka mingi katika ligi ndogo. Na kwetu Afrika Mashariki mchezo huu si mgeni kabisa: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Watoto hao nao walichezeshwa na waamuzi wenye sheria hizo hizo za mstari, faulo na straiki.

Lakini heshima ya kazi hii haikuonekana vizuri zaidi kuliko siku mwamuzi alipokosea. Tarehe 2 Juni, 2010, huko Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo. Akimtoa mmoja tu, angekamilisha mchezo usio na dosari, jambo ambalo mpaka siku hiyo lilikuwa limetokea mara 20 tu katika historia yote ya ligi kuu. Mpigaji wa 27 alipiga mpira wa chini, mlinzi akaurusha besi ya kwanza, Galarraga akaudaka mguu ukiwa juu ya besi. Mwamuzi Jim Joyce alinyosha mikono: mkimbiaji amewahi. Alikosea. Galarraga alitabasamu tu, akarudi kurusha na kummaliza mpigaji aliyefuata.

Baada ya mchezo Joyce alitazama picha. Hakutafuta udhuru. Alikiri mbele ya watu wote kwamba amemnyang'anya kijana yule haki yake, akamwomba radhi kwa machozi. Wakubwa wa ligi hawakuubadili uamuzi. Siku ya pili yake zamu ya Joyce ilikuwa nyuma ya kibao, na aliyetumwa kumletea karatasi ya majina ya wachezaji alikuwa Galarraga mwenyewe. Walipeana mikono. Mwamuzi akajifuta machozi, akavaa kinyago chake, na mchezo ukaanza.